Simu ya Wake Wawili

Ukifika Kibiti na kumuulizia Mwanabibi, nawe utaulizwa kwanza: "Mwanabibi yupi? Wa mihogo au wa kuunga watu?" Huyu wetu ni wa kuunga watu. Kibanda chake kipo nyuma ya stendi, ubavuni mwa duka la Twalibu mchapa picha, na juu ya mlango ameandika kwa rangi ya buluu: ASIYEKUWEPO ATAKUWEPO.

Maneno hayo si majivuno. Katika bonde la Rufiji harusi haimngoji mtu. Mpunga ukianza kubeba, nusu ya ukoo huwa imehamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kufukuza ndege mchana na viboko usiku. Maji nayo yakipanda, wa visiwani hawezi kuvuka. Ndiyo maana hakuna picha ya harusi isiyo na pengo: hapa hayupo shangazi, pale hayupo kaka mkubwa. Mwenye kuyaziba mapengo hayo ni Mwanabibi. Mletee picha ya huyo aliyebaki dunguni, hata kama amepigwa akiwa ameshika kombeo, naye atamkata, atamsafisha, atamsimamisha pembeni ya bibi harusi, na kombeo litageuka shada la maua.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Zamani alikuwa fundi cherehani, na alikwisha kata magauni ya kutosha kujua kwamba fundi mzuri hujulikana kwenye pindo. Alipoanza kukata watu kwenye simu, jicho lake lilikwenda palepale: ukingo wa sikio, ncha ya ushungi, nafasi ndogo kati ya vidole. Wenzake wengi walikuwa wakisahau miguu, na watu wao walielea juu ya ardhi kama maboya. Mwanabibi hakumruhusu mtu kutoka mikononi mwake kabla hajampa kivuli, kikalala chini upande uleule vinakolala vivuli vya wengine.

"Mtu asiye na kivuli hajafika," alikuwa akisema.

Chombo chake cha kazi kilikuwa simu ya Android yenye ufa kwenye kioo, kutoka pembe hadi pembe, na ndani yake programu moja yenye alama ya mkasi. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na gumu, kwa hiyo yeye aliiita Mkasi, na Kibiti nzima ikafuata. Mkasi ulijua kukata, ulijua kuunga, na ulijua jambo ambalo programu nyingine zilishindwa: kukuacha uvute kivuli kwa kidole, ukilaze utakako, ukipunguze weusi kidogo kidogo mpaka kikae kama cha jua lenyewe.

Matatizo yaliletwa na sifa. Vijana wa mjini walianza kumuuliza, "Dada, unapiga kwa iPhone?" Akisema hapana, walitikisa kichwa kama watu walioambiwa mchuzi hauna chumvi. Habari zikamfikia mdogo wake, Ridhiwani, anayefanya kazi Dar es Salaam, naye kwa mapenzi akamtumia iPhone iliyokwisha tumika lakini bado inang'aa. Mwanabibi alifurahi mpaka akaifunika kwa leso kama mtoto mchanga. Ile ya zamani akampelekea bibi yake, Bibi Maimuna, huko Mahege, ili mzee wa watu apate kusikiliza kaswida.

Hapo alifanya makosa mawili kwa mpigo. La kwanza, alidhani simu kubwa ina kila kilichomo katika simu ndogo, kama sufuria kubwa inavyomeza ndogo. La pili lilikuwa zito zaidi: alimpa kitu mtani wake.

Maana bibi na mjukuu ni watani. Bibi Maimuna hajawahi kumwita Mwanabibi mjukuu. Humwita "mke mwenzangu," kwa kuwa kwa utani mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Babu Mwinjuma alikwisha tangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, lakini wake zake hao wawili hawakuacha kumgombania. Na utani una sheria zake. Kilichoingia mkononi mwa mtani hakitoki bila kukombolewa, na anayekasirika huongezewa adhabu.

Basi ikaja harusi ya Hafsa.

Hafsa ni binti wa Mzee Bushiri, mtu wa visiwani kwenye delta, aliyeteleza kwenye matope wakati wa kushuka chomboni akavunjika mguu wiki chache kabla ya ndoa ya bintiye. Akatoa idhini, akamweka mdogo wake, Abdalah, awe wakili wa kuozesha, kisha akatuma ujumbe mmoja kwa Mwanabibi. Picha yake ilikuja pamoja nao: amekaa kwenye benchi, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya kigoda. Ujumbe ulisema: "Mwanangu, nimesikia habari zako. Kwa kuwa siwezi kwenda, nataka niwe nimekwenda."

Jumamosi asubuhi, baada ya nikaha, Mwanabibi alizipanga familia mbili mbele ya nyumba ya harusi, palepale Kibiti. Katikati, ubavuni mwa Hafsa, akaweka kiti kitupu.

"Hapo ndipo pa baba," akawaambia. "Msikiguse, msikikalie, wala msikiegemee."

Hafsa akakitazama kile kiti, macho yakamjaa. "Da Mwanabibi, atakuwepo kweli? Picha yenye kiti kitupu ni picha ya msiba."

"Bibi harusi, usininyeshee mvua kwenye wanja wako. Baba yako atakaa hapo, na kesho alfajiri Ami Abdalah ataondoka na picha yake mkononi."

Ami Abdalah alikuwa na safari ya kwenda Nyamisati, kupanda boti wakati maji yamejaa. Boti ya visiwani hufuata maji, haimfuati abiria. Na kijijini kwa Mzee Bushiri mtandao huja na kuondoka kama paka wa jirani; picha ya kuaminika ni ya karatasi.

iPhone ilipiga picha nzuri ajabu. Hina ya Hafsa ilionekana ua kwa ua. Mwanabibi akarudi kibandani adhuhuri, akanywa maji, akafungua duka la programu ili ashushe Mkasi. Akaandika jina. Akaandika tena. Kisha akaita kupitia ukutani:

"Twalibu! Hebu njoo. Mkasi hauonekani."

"Umetafuta vizuri?" Twalibu aliingia akifuta wino mikononi.

"Nimetafuta mpaka nimeletewa saluni. Nimeletewa na mchezo wa kukata matunda."

Twalibu akaishika simu, akapekua, akakuna kidevu. "Dada, huu ni wa Android tu. Waliotengeneza hawakuuleta upande huu."

"Upande gani? Simu si simu?"

"Ndiyo hivyo, simu si simu. Haya ni maduka mawili mbalimbali. Mwenye programu akitaka, anaweka bidhaa yake kote kuwili. Asipotaka, anaweka duka moja, la pili mtajiju."

"Basi shusha kwenye simu yako. Yako si Android?"

Twalibu akatoa yake, akajaribu. "Wameuondoa," akasema. "Hata huku haupo tena. Aliyekuwa nao anabaki nao, asiyekuwa nao ndio basi."

Mwanabibi hakukata tamaa papo hapo. Walijaribu nyingine. Ya kwanza ilidai kadi ya benki kabla haijafunguka. Ya pili ilikata vizuri sana, lakini ilipomaliza ikagonga jina lake kwenye paji la uso la bibi harusi, kama muhuri kwenye gunia la korosho. Ya tatu ilimkalisha Mzee Bushiri kwenye kiti bila ubishi, ila haikujua kivuli. Wakaiangalia picha hiyo wote wawili.

"Mzee anaelea," akasema Twalibu.

"Watasema amekuja kama jini," akasema Mwanabibi. Akaifuta.

"Sasa nani mwenye Mkasi katika Kibiti hii?" akauliza Twalibu.

Mwanabibi akafumba macho. "Mke mwenzangu."

Twalibu alimfahamu Bibi Maimuna; aliwahi kumchapia picha ya paspoti, akaambiwa airudie kwa sababu imemfanya azeeke. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Pole, dada. Heri ungeidondosha mtoni. Mto huwa unarudisha."

Bodaboda ilimfikisha Mahege vumbi likiwa limempaka hadi kope. Bibi Maimuna alikuwa uani kwenye mkeka, anamenya mihogo pamoja na jirani yake, Mwanajuma. Simu ilikuwa kiunoni mwake, imefungwa kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi wa waume za watu. Umekuja kumtafuta Mwinjuma? Hayupo, nimemtuma."

"Bibi, leo sina nafasi ya utani. Nahitaji ile simu kidogo tu, ina programu yangu..."

"Mwanajuma, umesikia? Ati hana nafasi ya utani!" Bibi akaweka kisu chini. "Amekuja mikono mitupu, hana hata kipande cha sabuni, anataka kunivua kitu kiunoni. Wake wadogo wa siku hizi!"

"Nimesikia, nami ni shahidi," akasema Mwanajuma, akijisogeza apate kuona vizuri.

Mwanabibi akahisi hasira ikimpanda kifuani. Jua lilikuwa linateremka, na Ami Abdalah hangengoja. Lakini aliona jinsi macho ya bibi yake yanavyomvizia, yakingoja hiyo hasira kama mvuvi anavyongoja uzi utikisike. Akaimeza. Akapiga magoti mbele ya mkeka, akaeleza yote: Mzee Bushiri, mguu, kiti kitupu, Hafsa, boti.

Bibi Maimuna akasikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akasema kwa upole, "Maskini, mzee wa watu. Lazima akae kwenye kiti chake." Mwanabibi akanyoosha mkono. Bibi akaupiga kofi dogo. "Tena umkomboe haraka! Nibebe mgongoni, kutoka hapa mpaka madukani na kurudi, unaimba kwamba mke mkubwa ni mie na weye ni wa kuokota."

"Bibi! Watu watanionaje?"

"Watakuona umenibeba."

Basi Mahege siku hiyo iliona mambo. Fundi maarufu wa Kibiti, mwenye iPhone mfukoni, alitoka uani ameinama, bibi yake mgongoni ameshika mabega yake kama usukani. Alianza kuimba kwa sauti ya chinichini, na kila alipoipunguza, bibi alimfinya sikio.

"Hawasikii kule mwisho!"

"Mke mkubwa ni Maimunaaa," akaimba Mwanabibi, "mie wa kuokota njianiii!"

Wanawake wakaacha kupepeta, wakatoka na nyungo zao wakaitikia. Muuza duka mmoja akauliza kama abiria huyo anashukia hapo au anaendelea. Bibi akamjibu anaendelea, ila dereva hana leseni. Walipofika madukani Mwanabibi mwenyewe alikuwa anacheka kiasi cha kushindwa kutembea, na ikabidi wapumzike kwenye gunia la mkaa kabla ya kurudi.

Uani, Bibi Maimuna akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, akaitoa simu. Kwa mara ya kwanza alionekana kusita.

"Usiangalie mle kwenye picha," akasema.

Ni nani anayeambiwa hivyo asiangalie? Mwanabibi akafungua. Pale kwenye skrini alikuwepo Babu Mwinjuma, amekatwa kutoka kwenye ile picha yake moja ya kanzu iliyotundikwa sebuleni, yupo juu ya mnazi. Picha iliyofuata, babu amebeba ndoo ya maji kichwani. Iliyofuata, babu anasugua masufuria. Katika nyingine babu anafukuza kiboko shambani, na kiboko ndiye anayekimbia.

"Bibi! Nani amefanya haya?"

"Nani tena? Ulisema mle mna kaswida. Nikatafuta kaswida, nikabonyeza mkasi." Bibi Maimuna akaficha mdomo kwa kanga. "Miaka yote ya ndoa yetu hakupanda mnazi hata siku moja. Alisema kizunguzungu. Sasa nimempandisha. Nikiamka namwangalia, namwambia, leo utaangua tu."

Wakacheka wote watatu, Mwanajuma akipiga mkeka kwa kiganja. Mwanabibi alipofuta machozi alitazama tena picha ya mnazi kwa jicho la kazi. Babu alikaa vizuri, ukingo wa kofia umekatwa safi. Kilichokosekana ni kivuli kwenye makuti. Akakivuta kwa kidole, akakilaza. Bibi Maimuna akaisogeza simu karibu na uso, akaacha kucheka.

"Sasa yuko juu kweli," akasema kwa sauti ndogo.

Ilibaki kuhamisha picha kutoka simu mpya kwenda ya zamani. Mwanabibi akawasha Bluetooth kwenye zote mbili, akaziweka bega kwa bega juu ya mkeka. Hazikuonana. Akazima, akawasha. Zilikaa pale kama mawifi waliogombana kwenye shughuli moja, kila mmoja anajifanya hamjui mwenzake.

"Zina nini?" akauliza Mwanajuma.

"Za kampuni tofauti. Hii haiipokei ile kwa njia hiyo."

"Basi watumie mshenga," akasema bibi.

Mshenga alikuwa WhatsApp, ila mtandao wa Mahege ulikuwa haufiki uani. Ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya choo. Mwanabibi akapanda, simu moja mkono huu, ya pili mkono huu, akatuma ile ya harusi na ile ya Mzee Bushiri, akichagua ubora wa juu, na akakaa hukohuko juu akakata na kuunga, bibi yake chini akimshikia mwavuli wa jua uliofungwa kwenye mti mrefu. Mzee Bushiri akaingia kwenye kiti kama aliyetengenezewa. Lakini mguu wa plasta ulichomoza mbele, mweupe kuliko gauni la bibi harusi.

"Nitauficha nyuma ya gauni," akasema Mwanabibi. "Haupendezi."

"Uache."

"Bibi, ni harusi."

"Uache, nakwambia. Mwenye miguu miwili akija harusini, amekuja tu. Aliyekuja na mguu uliovunjika ndiye atakayesimuliwa."

Mwanabibi akafikiri. Akauacha mguu, akauwekea na kigoda chake, kisha akavuta kivuli: cha mwili, cha kiti, na cha mguu ule ulionyooka, vyote vikalala upande mmoja na kivuli cha Hafsa, mpaka vya baba na binti vikagusana chini.

Kabla ya kushuka kichuguuni akakumbuka jambo. "Bibi, simu hii siwezi kukuachia tena. Ndiyo riziki yangu."

"Nami siwezi kukuachia. Mume wangu yumo humo, juu ya mnazi."

Mwanajuma, aliyekuwa shahidi, akageuka hakimu. Mume wa wake wawili, akasema, haachwi wala hagawanywi vipande, huwekewa zamu. Simu ilale Kibiti siku za kazi. Alhamisi jioni irudi Mahege, ikae na mke mkubwa mpaka Ijumaa ipite. Wote wawili wakakubali, kila mmoja akinung'unika kwamba ameonewa, kama sheria ya ukewenza inavyotaka.

Twalibu alichapa picha kabla ya adhana ya magharibi. Aliinamisha kichwa, akaangalia chini ya miguu ya kiti, akatabasamu. Hafsa aliletewa nakala yake hina ingali imekoza vidoleni. Akaweka kidole pale vivuli vilipogusana, akakiacha hapo kitambo. Na Ami Abdalah akaondoka alfajiri, picha ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya koti lake.

Siku zikapita bila habari. Mwanabibi aliendelea na kazi kwa simu zake mbili, moja ya kupiga na moja ya kuunga, lakini kila boti ilipokuja aliuliza. Hatimaye, Ijumaa moja mchana, mtandao wa kisiwani ukaamka, na sauti ya Mzee Bushiri ikaingia kwenye iPhone, ikisindikizwa na kuku na upepo.

"Mwanangu Mwanabibi, asalaam aleykum. Mzigo nimeupata. Nimeutundika mlangoni, hapiti mtu asiyeuona. Nimewaeleza wote jinsi nilivyosafiri. Mawimbi yalikuwa mabaya, mguu uliniuma, lakini nilijikaza, maana mtoto ni mtoto. Ndugu yangu mmoja akanibishia, ati sikutoka hapa. Nikamwonyesha kivuli. Nikamwambia, picha inaweza kusema uongo, je, na jua nalo? Akanyamaza." Hapo mzee akakohoa, sauti ikapungua kidogo. "Hafsa amependeza. Nimefurahi kukaa naye." Kisha ikapanda tena: "Ila nina lalamiko. Wenzangu wananiuliza nilikula nini huko. Kwenye picha sina hata sahani. Niunge na pilau, mwanangu. Na nyama ionekane."

Mwanabibi akaufungulia ujumbe huo mara ya pili kwa ajili ya Twalibu, aliyekuja mbio aliposikia kicheko. Akanyoosha mkono mezani kuchukua simu ya kazi. Mkono ukagusa meza tupu.

"Leo Ijumaa," akasema Twalibu kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, huku meno yote yakiwa nje. "Ni zamu ya mke mkubwa."

Mwanabibi akatazama ujumbe wa Mzee Bushiri, akatazama barabara ya Mahege. Pilau ya mtu haingojeshwi. Akafunga kibanda, akakaza kanga kiunoni, akajinyoosha mgongo upande huu na upande ule, kisha akaita bodaboda.